Mkunjo wa Kumi na Nne

Lori la mbao lilikuwa limeshapakiwa na kamba zimeshakazwa. Begi langu la vifaa lilikuwa limelala nyuma ya kiti cha dereva, na mimi nilikuwa nimemuaga kila anayestahili kuagwa isipokuwa mpwa wangu. Dereva alisema tunaondoka saa sita kamili, atakayechelewa shauri yake. Ilikuwa saa nne na robo. Nikakata mtaa kwenda maktaba kumpa mkono mtoto wa dada yangu, dakika tano tu, kisha nirudi nikakae kwenye lori. Mimi ni heri niisubiri safari kuliko safari inisubiri mimi.

Mwezi mzima nilikaa kwake, na siku ya tatu tu miguu ilishaanza kuniwasha. Nimeumbwa hivyo. Hata shule nimeisoma vipande vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji mwingine, mengine nimeyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kitu kimoja tu ndicho kilichonikaa mikononi, nacho ni kujalidi vitabu: kufumua kilichochakaa, kukishona upya, kukipaka gundi, kukivisha jalada. Nimeifanya kazi hiyo mahakamani, hospitalini, vyuoni, na kila mahali nimeondoka kabla hawajanizoea.

Asubuhi ile, akiwa anakaanga mayai, mpwa wangu alinitolea uvivu. Alisema mjomba wake hajawahi kukaa mahali mpaka akaona kazi yake inatumikaje. Nikamjibu kwamba ndiyo maana silaumiwi. Hakucheka, na nikadhani ni hasira za mtu anayeachwa. Kumbe alikuwa na lake rohoni, na mwezi mzima hakunigusia.

Maktaba nilikuta chumba cha watoto kimejaa watu wazima. Walikuwa wamekalia vile viti vifupi vya rangi rangi, magoti yamewafika kidevuni, na wote wamenuna kana kwamba wako kwenye kesi ya shamba. Watoto wenyewe, kama kumi hivi, walikuwa wamesukumiwa kando ya dirisha. Mbele kulikuwa na meza, juu ya meza vitabu saba vimepangwa, na nyuma ya vitabu amesimama mpwa wangu amekunja mikono kifuani. Ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa rangi ya buluu, herufi kubwa za urefu wa viganja viwili: SHIKENI MAKASIA, WENZANGU. KUMEKUCHA. Nilimpungia. Akaniashiria kwa jicho nikae. Nikaketi nyuma karibu na mlango, juu ya sanduku la vitabu vibovu.

Sasa, hapa lazima nikueleze ugomvi wenyewe, usije ukaniona nakuzungusha.

Kuna vitabu saba vya watoto vinavyoitwa Makasia ya Mawingu. Kama una mtoto, au umewahi kupanga chumba jirani na mwenye mtoto, umevisikia. Pacha wawili, wa kike na wa kiume, wanakuta mtumbwi juu ya paa la nyumba yao. Wanaingia, wanapiga kasia, mtumbwi unapanda mawinguni. Huko juu kuna nchi, kuna wezi wa mvua, kuna mfalme aliyelifungia jua ndani ya kasha. Na kuna Shangazi Ukungu. Huyu ni mwanamke wa ukungu mtupu tangu kisigino hadi kilemba, ndiye anayeshika usukani, mkali, mcheshi, anawasuta wezi wa mvua mpaka wanaona haya na kurudisha walichoiba. Watoto wanampenda kuliko pacha wenyewe. Kitabu cha kwanza yumo, mpaka cha tano yumo, yuko hai anaongoza mtumbwi. Ukifungua cha sita, ni jiwe la ukumbusho. Pacha wa kike amejifunga kilemba chake kiunoni, watu wakilitaja jina lake wanainamisha vichwa, na hakuna popote palipoandikwa kafa vipi, kafa lini, wala kafia nini.

Juu ya jambo hilo mji ule ulikuwa umepasuka vipande viwili kwa miaka tisa. Usicheke. Nimeona watu wakinyimana salamu kwa mambo madogo kuliko hilo.

Upande mmoja aliuongoza fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na maktaba, mama wa mabinti wanne, aliyevisoma vyote saba kwa sauti huku akikanyaga mashine. Yeye alisema mwandishi kasahau. Upande wa pili uliongozwa na mwalimu mstaafu waliyemwita Nukta, kwa sababu akishasema neno lake humalizia kwa kusema "nukta", na hapo mjadala kwake umefungwa. Yeye alisema mwandishi hakusahau, amenyamaza kwa makusudi, na kunyamaza huko ndiko kunakovifanya vitabu vile kuwa vikubwa kuliko vyote vilivyoandikiwa watoto. Kati yao walikuwepo watoto, ambao hawakuafiki hili wala lile. Wao walisema Shangazi Ukungu hajafa, kajificha, atarudi.

Na kila mmoja alikuwa anabishania nakala ileile. Seti ilikuwa moja tu mjini, ile iliyo mezani. Duka pekee la vitabu liliuza madaftari na ramani.

Huo ugomvi ungebaki wa baraza za nyumba, lakini fundi cherehani aliandikia kamati ya maktaba barua ya kurasa tatu kwamba vitabu vile ni kazi mbovu na vinafundisha watoto kuacha mambo nusu. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la rangi, alikuwa ameshakitolea macho chumba kile siku nyingi, anataka kukifanya ukumbi wa mikutano. Barua ile akaipokea kama mgonjwa anavyopokea maji. Akaitisha kikao: wapenzi wa vitabu waje wajadili, na kamati itaamua kabla ya adhuhuri. Vikionekana vibovu vinaondolewa. Vikiondolewa, baraza la watoto linalokutana Jumamosi kwa ajili ya vitabu hivyo, watoto sitini na ushee, linavunjwa. Likivunjwa, chumba hakina kazi. Na chumba kikikosa kazi, mpwa wangu aliyeajiriwa kwa ajili ya chumba hicho anarudi nyumbani.

Haya yote nilinong'onezwa na mzee wa kufagia aliyesimama kando yangu. Damu ikanichemka. Mwezi mzima nakula mayai ya huyu mtoto, na mimi ndiye mjomba, kisha habari yake naipata kwa mfagiaji.

Fundi cherehani ndiye alikuwa anazungumza. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini zimechomekwa kwenye ukosi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Mimi nikimshonea mteja gauni nikasahau mkono mmoja," alisema, "kisha nikamwambia avae hivyohivyo, huo ni usanii wa kunyamaza, mwalimu? Nijibu. Maana bega liko nje."

Watu wakaangua kicheko. Nukta hakutikisika. Alisema, polepole kama anasomesha, kwamba gauni ni gauni na msiba ni msiba. Kwamba kifo kikubwa hakisimuliwi. Kwamba mwandishi kafunga mlango ili tusikie kilio tusimwone anayelia. Alisema amefundisha miaka thelathini na moja na hajaona ukimya ulioandikwa vizuri namna ile. Nukta.

Hapo fundi cherehani akaacha utani. Alisema binti yake wa mwisho alikuwa akiacha dirisha wazi kila asubuhi yenye ukungu, ili Shangazi apate pa kuingilia akirudi. Miaka mitatu. Kifua kimembana, dawa kanywa, na bado anaamka kabla ya wenzake kwenda kufungua. "Huyo mwandishi angemuua tu, akamzika, mtoto akalia siku mbili akapona. Sasa mimi nimeachiwa mtoto anayesubiri. Mwalimu, hebu njoo nyumbani umweleze binti yangu huo usanii."

Nilimtazama mpwa wangu nikaona ameuma mdomo, kwa sababu binti mwenyewe alikuwa pale dirishani anasikia, amejikunyata. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni ya kununua dukani, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Hapo ndipo mwanamke mmoja mstari wa tatu akanyoosha mkono. Alikuwa nesi, kahamishiwa hospitali ya mji ule wiki sita tu zilizopita, bado na sare yake, inaonekana katoka zamu. Aliuliza kwa adabu kama wote wanazungumzia kitabu kimoja.

"Maana Shangazi Ukungu anakufa kwenye kitabu cha tano," alisema. "Imeandikwa yote. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikalia mpaka mama akadhani kuna msiba shuleni."

Akasimulia. Kuna kijiji kimekauka, wezi wa mvua wamemaliza kila tone, na watoto wa kijiji hawana hata machozi ya kulia. Shangazi Ukungu anawaambia pacha wapige kasia mpaka juu ya kijiji kile, wasigeuke nyuma. Kisha anajimwaga. Anaanza kunyesha yeye mwenyewe, kuanzia visigino, kidogo kidogo, huku bado anawafokea pacha washike vizuri, mpaka inabaki sauti, mpaka kinabaki kilemba. Pacha wa kiume anageuka. Alisimulia vizuri yule nesi, mpaka mimi mwenyewe nikajikuta nimeinama mbele.

"Na hayo maneno," alisema akionyesha ukuta, "si ya Shangazi. Ni ya pacha wa kike, asubuhi ya pili yake, wakati hakuna mwenye nguvu ya kunyanyua kasia."

Ungedhani kawatukania mama zao. Fundi cherehani alisema watu wageni wana tabia ya kutia chumvi. Nukta alisema huenda mheshimiwa nesi aliota. Mmoja akauliza kama hospitali siku hizi wanajipimia dawa wenyewe. Nesi akasema, sauti imeanza kupanda, kwamba yeye amekisoma kitabu, si kusimuliwa, na nakala yake iko kwa mama yake mpaka leo.

Na mpwa wangu, mtoto mpole, niliyembeba mgongoni, akakichukua kitabu cha tano akamwekea mikononi kama mtu anayempa mwizi ushahidi. Akamwambia aonyeshe.

Nesi alifunua. Akaenda mbele, akarudi nyuma. Alitafuta namba za kurasa, hakuna. Akaenda karibu na mwisho, akarudi tena, na uso wake ukawa unabadilika kama wa mtu anayetafuta nyumba yake kwenye mtaa aliozaliwa asiione. Kitabu kile kinafika mahali panaposema "Shangazi Ukungu alishika usukani, akawatazama pacha, akasema," na ukifunua, ukurasa unaanza: "Shikeni makasia, wenzangu. Kumekucha." Hakuna kijiji. Hakuna mvua.

"Kitabu hiki nimewasomea watoto mara arobaini," alisema mpwa wangu. "Nakijua kuliko jina langu. Dada, leo ndiyo siku ya kuja kutuongopea?"

Nesi alikirudisha mezani, akachukua pochi yake. Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini si ya huzuni, ni yale ya mtu aliyeonewa. Alisema alikuja kuvitetea vitabu alivyovipenda utotoni, hakujua kama atavuliwa nguo mbele ya watu.

Mimi nilikuwa natazama kitabu. Kilikuwa kimelala mezani mgongo wake ukinielekea, na ule mgongo ulikuwa wa kitambaa cha kijani kibichi chenye mishono mitano, na mshono wa mwisho una fundo lililolazwa kushoto. Mafundi wengi hulaza kulia. Mimi natumia mkono wa kushoto.

Kazi ile ilikuwa yangu.

Miaka tisa nyuma nilipita mji ule, nikakaa kwa dada yangu wiki tatu, Mungu amrehemu, na maktaba ikanipa kazi ya vitabu vya msaada vilivyofika vimeliwa na mchwa, kabla havijaazimwa na mtu. Cha tano kilikuwa kimeliwa vibaya sehemu ya chini. Sasa elewa, kitabu kinene hakishonwi karatasi moja moja. Kinachapwa kwenye karatasi kubwa, kila moja inakunjwa mpaka inatoa kurasa kumi na sita, na hicho kifungu kimoja sisi tunakiita mkunjo. Chini ya kila mkunjo huwa kuna kinamba kidogo ili fundi asipoteze mpangilio. Nilikifumua kitabu, nikapanga mikunjo mezani. Wa kumi na nne ulikuwa umechanika kwenye pindo, nikauweka kando niubandike mwisho. Siku hiyo kulikuwa na gari la kuelekea kusini. Likapiga honi. Nikashona haraka haraka, nikakata ukingo wa chini kwa kina ili kuondoa alama za mchwa, na vinamba vya mikunjo vikaenda, na namba za kurasa zikaenda, nikakivisha jalada, nikaondoka. Sura za vitabu vile hazina namba wala kichwa, kila moja inaanza kwa kijipicha cha wingu. Kwa hiyo hakukubaki hata kitu kimoja cha kumshtua msomaji.

Kama ingekuwa hivyo tu, ningejiita mzembe nikaishia hapo. Lakini ule mkunjo niliukuta. Miezi miwili baadaye, mji mwingine kabisa, niliukuta ndani ya begi umeviringishwa kwenye jiwe langu la kunolea. Niliujua ni wa kitabu gani. Ningeweza kuutia kwenye bahasha. Nikasema moyoni, kurasa kumi na sita za hadithi ya watoto, nani atajua? Ungekuwa mkunjo wa kitabu cha sheria ningeupeleka kwa miguu. Nikauacha uendelee kufunga jiwe mpaka ukaisha.

Mlango ulikuwa nyuma yangu hatua mbili. Saa ya ukutani ilisema tano na dakika hamsini. Mwenyekiti alikuwa amesimama tayari, anasema kwa upole kwamba wote wameona: vitabu ambavyo hata wapenzi wake hawakubaliani vina nini ndani, vinawajenga vipi watoto? Alikuwa ameshafungua kalamu.

Nilisimama. Nilisema mimi ndiye niliyekijalidi kitabu kile, na mkunjo wa kumi na nne haumo, nao niliutoa mimi, na nesi anasema kweli tupu. Nikaeleza kama nilivyokueleza, pamoja na jiwe la kunolea, kwa sababu niliona nikificha hilo nitakuwa sijasema kitu.

Wa kwanza kuinuka alikuwa fundi cherehani. Alikuja mpaka mbele yangu, pini kwenye ukosi zikanikaribia macho.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa namtukana mwandishi wa watu. Asubuhi namtukana, mchana namtukana, nimemshtaki kwa barua. Kumbe bega ulilikata wewe."

Binti yake alitoka dirishani akamfuata nesi mlangoni, akamshika sare. Aliuliza kitu kimoja: maji yaliyonyesha kijijini, waliyanywa? Nesi akapiga magoti akamwambia ndiyo, waliyanywa wote, na waliotangulia kunywa walikuwa watoto. Yule mtoto akaanza kulia kwa sauti, na mama yake akaniacha akaenda kumkumbatia, na nilisikia akisema lia mwanangu, lia uimalize.

Aliyenishangaza ni Nukta. Huyo hasira zake hazikuwa kwa sababu ya kurasa kukosekana. Alisema kwamba sikuwa na haki ya kusema. Kwamba kitabu bila kurasa zile kilikuwa bora. Amewafundisha watoto wa mji mzima kusikiliza ukimya ule, na sasa naambiwa ukimya wenyewe ulitengenezwa na mtu anayewahi gari. Hakumalizia kwa nukta. Alichukua kofia yake akatoka.

Mwenyekiti, yeye, alifurahi waziwazi. Akasema basi hata kamati haina haja ya kusumbuka, kitabu kimeonekana kibovu kwa kukiri kwa aliyekiharibu, kiondolewe. Hapo nami nikapandwa. Nilitaka kumwambia kwamba yeye anauza rangi kwa watu, na mkebe ukivuja halaumiwi aliyebuni nyumba. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Mpwa wangu akanitangulia. Hakunitazama. Alikwenda kwenye ubao wa kanuni za maktaba, karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti mwenyewe, akaweka kidole, akasoma kwa sauti ileile anayosomea watoto. Kitabu chenye kasoro ya ujalidi hakitolewi uamuzi. Hurudishwa kwa fundi, na husomwa kikiwa kizima.

"Saini ni yako, mwenyekiti," alisema. "Na fundi ndiye huyo."

Nje, mbali kidogo, lori lilipiga honi mara mbili, nami nikageukia mlango. Mara ya tatu halikupiga.

Mwenyekiti alisema kwamba huyo fundi ana safari. Mpwa wangu akasema hana.

Begi langu la vifaa lilikwenda na mbao. Nikakaa mjini wiki nne nyingine; miezi miwili mahali pamoja haijawahi kunitokea bila kulazwa hospitali. Mama wa nesi alituma nakala yake kwa posta, imefungwa kwa tabaka tatu za gazeti kama yai. Kurasa zile zikapigwa fotokopi kwenye ofisi ya kata, upande na upande, mara nne mpaka zikakaa sawa. Fundi cherehani aliniazima sindano na uzi, na kila siku alivuka barabara kuja kukagua, akisimama nyuma ya bega langu bila kusema kitu, jambo baya kuliko matusi. Kwa mpwa wangu nilikula mezani na kulala kwenye chumba changu, na maneno tuliyopeana kwa wiki nne yangeenea kwenye tiketi ya basi. Wakati mmoja nilimwambia samahani. Akasema amesikia.

Jumamosi ya mwisho alisoma zile kurasa kumi na sita mbele ya baraza zima. Aliyekuwa amekizoea kitabu kile kuliko jina lake alikwama mara mbili, kwa sababu hakuwahi kuyaona maneno yale. Alipofika kwenye kilemba akampa nesi kitabu amalizie. Kamati ilikuwepo. Waliinua mikono, wanne kwa mmoja, vitabu vibaki. Wala hakuna aliyenipa mkono, na sikuutegemea.

Nukta hakurudi maktaba. Alimwandikia mchapishaji wa vitabu vile kupendekeza kwamba chapa ijayo itoke bila kurasa hizo, hakujibiwa. Miaka miwili baadaye alihamia kwa mwanawe wa kwanza na huko ndiko alikofia. Fundi cherehani aliiondoa barua yake kwenye kamati, akaandika nyingine kwamba vitabu ni vizuri mpaka cha nne na baada ya hapo vita vimezidi. Binti yake wa mwisho alimaliza shule, sasa ni mpima ardhi, ana mtoto mmoja. Nesi alikaa mjini miaka mitano akiendesha baraza la watoto pamoja na mpwa wangu, kisha akahamishwa tena. Mwenyekiti alipata ukumbi wake ghorofa ya juu, unatumika kuhifadhi viti. Chumba cha watoto kipo. Mpwa wangu hakunisemesha kwa mwaka na nusu, kisha akaanza kuniandikia mara mbili kwa mwaka, barua fupi, habari za afya na mvua. Begi langu sikulipata. Nilinunua vifaa vingine, nikafanya kazi katika miji mingine minne, na sasa macho yamekataa.